Biti ni ya Nani? Hesabu za Prodyuza wa Kujitegemea

Ugomvi wa namna hii hauishi katika muziki wa Tanzania na Kenya. Wimbo unavuma, prodyuza anajitokeza redioni kudai kuwa ni mali yake na hajalipwa, msanii anajibu kwamba alilipia studio kabla hajaingiza sauti, wimbo unashushwa YouTube kisha unarudi, na mashabiki wanagawana pande. Wapo wanaoamini kwamba aliyegonga biti ndiye mwenye wimbo. Wapo wanaoamini kwamba aliyetoa pesa kanunua, mjadala umefungwa. Imani zote mbili zina chembe ya ukweli, na ndiyo maana hakuna upande unaoshindwa.

Chini ya kelele hizo liko swali la kazi na kipato. Mtu anayetengeneza muziki na kushughulikia sauti bila kuajiriwa na lebo wala kituo cha redio alipweje? Achukue pesa yake siku ileile na kuachana na wimbo? Asubiri asilimia? Akodishe biti kwa yeyote anayeitaka? Au afungue lebo awe bosi? Kila njia ina watetezi wake, na kila njia imewahi kumlisha mtu mmoja na kumlaza mwingine njaa.

## Kutoka mashine ya serikali hadi kompyuta ya chumbani

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, bendi ya Tanzania iliyotaka kurekodi ilikuwa na mlango mmoja wa maana: Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD). Fundi mitambo alikuwa mtumishi mwenye mshahara. Bendi ikapiga, yeye akarekodi, mkanda ukabaki redioni. Wanamuziki hawakutarajia utajiri kutoka kwenye mkanda huo. Walichotaka ni wimbo usikike ili Jumamosi ukumbi ujae. Aliyetaka santuri alivuka mpaka kwenda Nairobi, kama Mbaraka Mwinshehe alivyofanya na Polygram, na huko rekodi ilikuwa ya kampuni. Iwe Dar au Nairobi, mtu wa mitambo hakuwa na dai lolote juu ya wimbo, na hakuna aliyeona ajabu. Mashine haikuwa yake, na mwisho wa mwezi alilipwa.

Mambo yaligeuka baada ya sheria ya utangazaji ya 1993 kuruhusu vituo binafsi. Radio One ilipoingia hewani mwaka 1994 na nyingine kufuata, zilihitaji nyimbo za vijana, na nyimbo hizo zilipaswa kurekodiwa mahali. Pengo likazibwa na studio za watu binafsi: Mawingu alikokuwa Bonny Luv, MJ ya Master Jay, Bongo Records ya P-Funk Majani, bila kumsahau Mika Mwamba aliyetoka Finland. Nairobi walikuwapo Tedd Josiah, Ogopa Deejays, na baadaye Calif Records ya Clemo.

Prodyuza wa aina hii hakuwa na mshahara. Chumba chake, mashine zake, ala anapiga mwenyewe, na kwa kuwa vijana wengi waliomfuata hawakuwa na kitu mfukoni, aliwarekodi kwa matumaini kwamba wimbo utalipa baadaye. Masta, yaani rekodi asilia, ilibaki kwake, na yeye ndiye aliyeweza kwenda nayo kwa wasambazaji wa kaseti. Prodyuza kujiona mwenye wimbo kuna mizizi hapo, wala hayakuwa majivuno matupu, maana hasara ikitokea ilikuwa yake.

Kisha kompyuta ikavunja bei. FruityLoops, programu ya Wabelgiji iliyotoka mwaka 1997 na kuitwa FL Studio tangu 2003, ilimpa kijana ngoma, kinanda na kinasa sauti ndani ya kompyuta moja, na wengi Afrika Mashariki waliipata kwa nakala ambazo hazikulipiwa. Ongeza kadi ya sauti, maiki, spika mbili za kusikilizia na magodoro ukutani, studio imekamilika. Kurekodi kukaacha kuwa kitu adimu, na bei ikaanguka. Wakati huohuo kaseti na CD zikafa, nyimbo zikahamia kwenye simu, na mwenye nguvu akawa yule ambaye akaunti ya YouTube na ya msambazaji wa mtandaoni imefunguliwa kwa jina lake. Mara nyingi huyo ni msanii au meneja wake. Prodyuza aliyekuwa bosi mwaka 2001 akajikuta fundi anayedai ujira, ilhali bado anazungumza kama mwenye masta. Sehemu kubwa ya ugomvi wa leo ni kuchelewa kwa mazoea nyuma ya mabadiliko hayo.

## Kazi nne katika kiti kimoja

Sababu ya pili ya ugomvi ni kwamba tunamwita mtu mmoja prodyuza kwa kazi ambazo sheria inaziona tofauti kabisa. Anatunga: mdundo, besi, kinanda, mara nyingine hata mahadhi ya kiitikio. Anarekodi sauti. Anamiksi na kumasta. Na wakati mwingine anagharimia, yaani anamrekodi msanii asiye na pesa na kubeba hasara ikitokea.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2001 zinatenganisha vitu viwili ambavyo shabiki huviita wimbo: utunzi na rekodi. Katika utunzi, haki ni ya aliyebuni. Aliyetunga biti na aliyetunga mashairi na mahadhi ni watunzi wa wimbo huo pamoja, isipokuwa wamekubaliana vingine. Katika rekodi, sheria haimtazami aliyebonyeza vitufe. Inamtazama aliyeanzisha shughuli na kuipanga, na kwa kawaida huyo ndiye aliyegharimia. Kwa hiyo inawezekana kabisa msanii aliyelipia studio awe ndiye mtayarishaji wa rekodi mbele ya sheria, huku aliyetunga biti akibaki mshirika wa utunzi. Na fundi wa sauti, kwa kazi ya ufundi peke yake, hana sehemu katika hicho wala kile. Ana ujira wake tu. Inauma kwa mtu aliyekesha siku tatu akinyoosha vokali za msanii asiyejua kushika funguo, lakini ndivyo ilivyo.

Hapo zile imani mbili za mashabiki zinapata mahali pake. Kulipia studio si kununua utunzi: sheria ya Kenya, kwa mfano, haitambui uhamisho wa hakimiliki usio wa maandishi yenye sahihi, na ujumbe wa M-Pesa si hati ya uhamisho. Upande wa pili, kuwa na faili za mradi kwenye diski yako hakukufanyi mmiliki wa rekodi. Maprodyuza wengi huzishikilia faili hizo kama amana ya deni. Kama mbinu ya kudai ujira ina mantiki. Kama ushahidi wa umiliki haina.

## Hoja ya pesa mkononi

Mtetezi mkali kuliko wote wa malipo ya mara moja alikuwa Steve Albini wa Chicago, aliyefariki Mei 2024. Alikataa hata kuitwa prodyuza. Alijiita fundi wa kurekodi. Mwaka 1992, kabla ya kurekodi albamu ya In Utero ya Nirvana, aliiandikia bendi barua akieleza kwamba kampuni ingetarajia adai asilimia moja au moja na nusu. Alipiga hesabu: nakala milioni tatu zikiuzwa, hiyo ni kama dola 400,000. Akasema hawezi kuzipokea. Alitaka alipwe kama fundi bomba, yaani thamani ya kazi aliyoifanya, kisha wimbo ubaki wa waliouimba.

Msimamo huo una uzuri wa kimaadili, lakini nguvu yake kubwa ni ya kivitendo. Pesa ya leo haihitaji mhasibu. Haitegemei uwe rafiki wa msanii baada ya miaka mitano, wala haikulazimu kuamini hesabu ambazo huoni zinavyofanywa. Kwa fundi anayelipa kodi ya chumba na umeme kila mwezi, uhakika una thamani kuliko ndoto.

Tatizo ni kumchukua Albini bila mazingira yake. Bendi zilizomwendea zilikuja na nyimbo zilizokamilika; yeye alipanga maiki na kurekodi kilichopigwa. Bongo Fleva haitengenezwi hivyo. Msanii huingia studio na kiitikio alichokinasa kwenye simu, au haingii na kitu, na nusu ya kile ambacho msikilizaji atakipenda inatoka kwenye kichwa cha prodyuza. Kumlipa mtu huyo kama fundi ni kuchukua utunzi wake kwa bei ya kazi ya saa. Albini pia alikuwa na jina lililomruhusu kupanga bei. Prodyuza wa Tandale akipandisha bei, msanii anavuka barabara tu, na huko anakuta kompyuta ileile, programu ileile na kijana aliye tayari kufanya bure ili jina lake lisikike mwanzoni mwa wimbo.

Jina hilo nalo linastahili neno. Ile sauti fupi inayomtaja prodyuza kabla ya ubeti wa kwanza imekuwa sehemu ya malipo katika soko letu. Bob Junior alijulikana na kila kijana kwa Sharobaro Records baada ya kutengeneza wimbo wa Diamond Platnumz, Kamwambie. S2Kizzy alivuka mipaka na Tetema ya Rayvanny mwaka 2019. Kwa aliye juu, jina linaleta wateja wanaolipa. Kwa aliye chini, mara nyingi linaleta wateja wengine wanaotaka kulipa kwa jina.

## Hoja ya asilimia

Wanaopendelea asilimia hutazama Marekani, ambako prodyuza mwenye jina hupata kianzio pamoja na kati ya asilimia tatu na tano za mapato ya rekodi, mbali na sehemu yake katika utunzi. Hoja yao ni ya haki na haipingiki kirahisi: wimbo ukifika mbali, aliyeujenga afike nao.

Swali gumu ni asilimia ya nini. Msanii wa Afrika Mashariki hapati sehemu kubwa ya pesa yake kutokana na kusikilizwa kwa wimbo. Anaipata jukwaani na kwenye matangazo ya kampuni za simu, vinywaji na benki, na huko prodyuza hana dai, kisheria wala kimazoea. Kinachobaki cha kugawana ni mapato ya mitandao ya muziki, YouTube, miito ya simu na mirabaha ya redio, na kila kimoja kina kasoro yake. Spotify, iliyoingia Kenya na Tanzania Februari 2021, tangu 2024 hailipi mrabaha wa rekodi kwa wimbo ambao haukuchezwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Nusu ya wimbo kama huo ni sifuri. Mirabaha ya redio imekuwa ikisumbua nchi zote mbili. Tanzania ilibadilisha sheria mwaka 2022 ili taasisi yake ya hakimiliki, COSOTA, ibaki msimamizi na ukusanyaji uachiwe vyama vya wenye haki, na Kenya mivutano ya leseni kati ya mamlaka ya hakimiliki na vyama vya ukusanyaji imekuwa habari ya kila mwaka.

Miito ya simu inafundisha zaidi. Kenya, kwa marekebisho ya 2022, iliandika kwenye sheria kwamba mwenye hakimiliki apate asilimia 52, kampuni ya simu 39.5 na wakala wa huduma 8.5. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa wasanii waliokuwa wakiachiwa makombo. Lakini sheria hiyo haisemi lolote kuhusu namna msanii na prodyuza watakavyogawana zile 52. Hilo limeachwa kwa makubaliano yao, na kama hayapo, limeachwa kwa yule ambaye pesa iliingia kwenye akaunti yake.

Hapo ndipo asilimia inapoonyesha udhaifu wake wa kweli. Prodyuza anategemea msanii amwonyeshe hesabu kila robo mwaka, kwa hiari, kwa miaka. Sijui biashara nyingine mtaani inayoendeshwa kwa imani kiasi hicho. Baadhi ya wasambazaji wa mtandaoni, DistroKid ikiwamo, wanaruhusu mgawo upangwe kwenye mfumo ili kila mtu alipwe moja kwa moja, na hilo lina faida kuliko kurasa kumi za mkataba ambao hakuna atakayeupeleka mahakamani.

## Kukodisha, na kufungua lebo

Njia ya tatu ni ya vijana wa mtandaoni: tengeneza biti nyingi, zipandishe kwenye soko kama BeatStars, kila anayetaka akodi kwa bei ndogo. Uzuri wake ni kwamba mteja wa kijana wa Mwanza anaweza kuwa Toronto. Mfano maarufu ni YoungKio wa Uholanzi, ambaye biti yake ilichukuliwa kwa dola 30 na kijana asiyejulikana, Lil Nas X. Mwaka 2019 wimbo huo, Old Town Road, ulikaa wiki 19 kileleni mwa chati ya Billboard Hot 100. YoungKio alitambuliwa kama mtunzi na prodyuza, sambamba na Trent Reznor na Atticus Ross wa Nine Inch Nails, ambao kipande cha muziki wao kilikuwa ndani ya biti.

Watu huusimulia mfano huo kama bahati. Mimi naona utaratibu: jina lake lilikuwa kwenye kumbukumbu za soko lile, masharti yalikuwa yameandikwa, kwa hiyo lebo kubwa ilipokuja kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kasoro ya njia hii ni kwamba biti moja iliyokodishwa kwa watu 40 huzaa nyimbo 40 zinazoshitakiana YouTube, maana mfumo wa kutambua sauti hauwezi kujua nani kaiba na nani kakodi. Na msanii anayejijali hataki mdundo ambao jirani yake anao.

Lebo haihitaji maneno mengi. Prodyuza anaweza kuwa ndani ya lebo ya msanii, kama Lizer alivyokuwa WCB Wasafi, akapata uhakika wa kazi na kupoteza uhuru. Au anaweza kujenga yake, kama Nahreel na The Industry, na kurudi kwenye nafasi ya wale wa miaka ya 1990 wa kumiliki masta. Tofauti ni kwamba siku hizi gharama kubwa haimo kwenye sauti. Imo kwenye video na kuutangaza wimbo, na asiye na mtaji huo atakuwa na lebo yenye nembo nzuri na nyimbo zisizosikika.

## Kupima

Nikiziweka hoja hizi kwenye mizani, kosa naliona katika kudhani kwamba lazima ichaguliwe njia moja. Kila kazi kati ya zile nne ina malipo yake. Kurekodi, kumiksi na kumasta ni ufundi, na hapo Albini yuko sahihi: pesa yote, kabla faili la mwisho halijatoka studio. Anayemiksi nyimbo zilizotungwa na wengine hana haja ya kupigania zaidi ya hapo, na ni heri kwake asipiganie. Rekodi iende kwa aliyegharimia. Msanii akilipa, masta ni yake na prodyuza aache kuishusha YouTube. Prodyuza akimrekodi mtu bure, basi yeye ndiye mwekezaji, apate sehemu ya rekodi kwa muda uliotajwa, na asisubiri wimbo uvume ndipo aseme.

Utunzi ndio mahali ambapo prodyuza hapaswi kuuza kwa bei ya siku. Hata kama pesa yake leo haitoshi nauli, haki hiyo hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Nyimbo zilizorekodiwa RTD miaka ya 1970 bado zinapigwa, na hakuna aliyekuwa kwenye chumba kile aliyejua kwamba siku moja kutakuwa na YouTube. Haki isiyolipa sasa inaweza kulipa katika mfumo ambao haujabuniwa, na kuibakiza hakugharimu kitu zaidi ya karatasi moja yenye majina na asilimia, iliyotiwa saini kabla wimbo haujaachiwa.

Pingamizi la wazi ni kwamba msanii atakayeonyeshwa karatasi ataondoka. Wengine wataondoka kweli, na prodyuza anayeanza hana nguvu ya kuwazuia. Kwa miaka yake ya mwanzo ataishi kwa pesa mkononi na jina mwanzoni mwa wimbo, na hakuna aibu katika hilo. Lakini hata yeye anaweza kupokea ujira bila kutia saini inayohamisha utunzi.

Linabaki tundu moja ambalo karatasi haizibi: pesa ya majukwaa na matangazo. Kudai asilimia ya shoo ni kujitafutia ugomvi, na mkataba wa namna hiyo hauna wa kuusimamia. Dawa iliyopo ni bei. Msanii anayelipwa na kampuni ya simu kwa sababu ya wimbo hawezi kutozwa sawa na mwanafunzi wa sekondari anayejaribu bahati. Bado studio nyingi zina bei moja iliyobandikwa mlangoni kwa wote, na kwa bei hiyo mwenye nacho ndiye anayenufaika.